Masizi ya mshumaa na mtambo uliogoma kuingia: gumegume yangu ya kwanza

Leo nimemaliza kukaza skrubu ya mwisho ya mtambo wa hii bunduki ya mtindo wa kale ninayoiunga mwenyewe, na vidole bado vyeusi, nimenawa mara mbili masizi hayatoki, nikasema bora nikae niandike sasa hivi kabla sijasahau, maana kuna vitu hapa vimenigharimu miezi kadhaa na kibanzi kimoja cha mti ambacho mpaka leo nikikiangalia roho inaniuma.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa Tanga, naishi Lancaster, Pennsylvania, huu mwaka wa saba. Nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na mchana nikiamka nina kama masaa matatu ya kwangu kabla watoto hawajarudi shule. Kwa muda mrefu hayo masaa nlikuwa nayamalizia kwenye simu. Sasa jirani yangu ni mzee mmoja hivi mstaafu, ana karakana kwenye gereji yake, na siku moja nlipita nikamkuta kabana kwenye jiliwa kitu kirefu chembamba kizuri ajabu, nikadhani ni mguu wa meza ya zamani. Kumbe ni bunduki, ila sio bunduki hizi za kwenye habari. Ni ile ya kushindilia baruti kwa mdomo, inawashwa na jiwe. Nikamwambia mzee, hii sisi kwetu ina jina, inaitwa gumegume. Akanambia nirudie. Tangu siku hiyo ananiitia hilo neno akiniona barabarani, gumegume, na nikawa nashinda kwake.

Na ukweli ni kwamba kama kuna mji wa kujifunzia hii kitu basi ni huu. Hapa Lancaster ndo moja ya sehemu ambapo hizi bunduki ndefu za Pennsylvania zilikulia. Karne ya 18 walikuja mafundi wa Kijerumani na bunduki zao fupi nene za kuwindia, wakakaa huku kwenye misitu, polepole mtutu ukarefuka, mti ukawa mwembamba, tundu la risasi likapungua ili risasi na baruti vitoshe kwa siku nyingi porini. Kulikuwa na fundi anaitwa Jacob Dickert, alifanya kazi hapahapa mjini, bunduki zake zikajulikana mpaka mbali. Ukienda makumbusho ya Landis Valley, sio mbali na kwangu, wanazo zimepangwa ukutani, na mimi nimesimama mbele yake nusu saa nzima naangalia kitu kimoja tu, ule mstari ambapo chuma kinakutana na mti. Huoni nafasi. Hata unywele haupiti. Kama vile mti umeota kuzunguka chuma. Na wale watu hawakuwa na umeme.

Kabla sijaendelea niseme jambo la sheria, tena nalisema kwa uzito. Huku Marekani sheria ya taifa ya mwaka 1968 inaziweka hizi nakala za bunduki za kale za kushindilia mdomoni pembeni na silaha za kawaida, ndo maana seti ya vipande vyake inauzwa kwa posta, ingawa majimbo mengine yana masharti yao na inabidi uulize kwanza unapoishi. Nyumbani sio hivyo. Tanzania na Kenya kutengeneza bunduki bila kibali ni kosa, hata gobori, hata ya kutundika ukutani, na watu wamefungwa kwa hilo. Kwa hiyo wewe uliye Handeni au Kitui usije ukasema fulani kaandika. Ila ninachotaka kuzungumzia zaidi ni chuma na mti, na hiyo hata kama unachonga mlango itakufaa.

Haya. Nami nikaagiza seti, boksi likaja mwezi wa nane. Ndani kuna mtutu wa pande nane kama mita moja na sentimita saba, tundu lake milimita 11 na ushee, kizibo chake cha nyuma kimeshafungwa na kiwanda na mzee akanionya hapo pasiguswe kabisa, pale ndipo moto wote unapokaa na sio pa mtu anayejifunza. Kuna mti wa mepo, ule mti ambao wanaugema maji matamu wanapika sharubati ya mkate, umeshachongwa na mashine kwa sehemu kubwa. Kuna mtambo, yaani lile bamba la chuma lenye nyundo inayobana jiwe, springi na kifa, kile kisahani cha kuwekea baruti kidogo ya kuwashia. Halafu mfuko wa shaba ya njano: bamba la kitako, kikingio cha kifyatulio, viringi vya kupitishia mdeki, ule ufito wa kushindilia. Na skrubu na pini. Tangazo lilisema vipande vinakaribia kukaa vyenyewe. Mimi neno "vinakaribia" nililipita haraka sana.

Mtutu uliingia vizuri, nadhani hilo ndo lilinidanganya. Niliuweka kwenye mfereji wake ukashuka ukakaa, kidogo tu nyuma pale kwenye mkia, kile kichuma kinachochomoza nyuma ya mtutu, ukagoma, nikaupigapiga na nyundo ya mpira ukakaa. Nikafurahi. Kesho yake nikachukua mtambo. Bamba lake kama sentimita 13, nikaliweka kwenye shimo lake, likaingia nusu, likasimama. Nikasukuma kwa kidole gumba, halisogei. Nikachukua nyundo ya mpira maana jana ilifanya kazi. Pa, pa, likashuka kama milimita mbili likabana kabisa, sasa haliendi chini wala haliji juu. Hapo ndo nikafanya lile kosa. Nikachukua bisibisi nyembamba nikaipenyeza ukingoni nikalinyanyua kama unavyofungua kopo la rangi. Ule mlio siwezi kuusahau, tik, mdogo tu, na kibanzi cha mepo kirefu kama ukucha wa kidole kidogo kikaruka kikaanguka sakafuni.

Nlikaa chini kabisa. Nlitafuta kile kibanzi kwa tochi ya simu robo saa nikakipata chini ya kabati, nikakifunga kwenye karatasi, nikapanda juu nikalala, na sikugusa ile kitu wiki mbili.

Aliyenirudisha kazini sio yule mzee, ni mjomba. Mjomba wangu ni seremala Tanga tangu sijazaliwa, vitanda, milango, mpaka majeneza. Nlimpigia kumsalimia tu, shikamoo mjomba, marahaba, hamjambo huko, baridi imeanza, mara nikajikuta namweleza. Sikutaja bunduki mwanzoni, nilisema tu nina chuma kinatakiwa kiingie kwenye mti na kimegoma. Akauliza swali moja. "Kinagusa wapi?" Nikasema kinabana kote mjomba. Akasema, "Hakuna kitu kinabana kote. Kitu kinabana mahali. Ulimi ukigoma kuingia kwenye tundu unaupaka masizi, unauingiza, unautoa, mti wenyewe utakwambia umeumia wapi. We umepiga nyundo mahali usipopajua."

Nikakumbuka. Nlipokuwa mdogo nlikuwa namuona ana kibatari pale karakana hata mchana, nikidhani ni cha kuwashia sigara. Kilikuwa cha masizi.

Nilipomweleza mzee jirani akacheka kwa furaha, akafungua droo, akatoa kikopo cha mchanganyiko mweusi, masizi na mafuta ya mgando, na kijibrashi cha mswaki wa zamani. Ndo hivyohivyo wanafanya huku, tangu enzi za kina Dickert huko. Watu wawili hawajawahi kuonana, mmoja Tanga mmoja Pennsylvania, wana jibu lilelile.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana hapa ndo kuna utamu. Mimi natumia mshumaa, naona unatosha. Unapitisha chuma juu ya moto mpaka kinapata ukungu mweusi, ukungu tu, sio tope. Mara ya kwanza nilipaka nene nikidhani nikizidisha ndo naona vizuri, nikatoa bamba nikakuta shimo zima jeusi, halina habari yoyote. Ukipaka nyembamba, ukaingiza chuma wima bila kukitikisa, ukakisukuma kidogo kikasimama, ukakitoa wima hivyohivyo, utakuta mti mweupe na vidoa. Mimi mara ya kwanza nilipofanya sawasawa nilikuta vitatu. Vitatu tu! Kimoja kona ya mbele, kimoja ukingo wa juu karibu na mkia, na kingine ndani kabisa chini ambapo springi inakaa. Mahali pengine pote chuma kilikuwa hakigusi kitu. Mimi nilikuwa nimelaumu shimo zima na mtu aliyelichonga.

Na vidoa vyenyewe vina lugha. Doa likiwa mstari mrefu uliokokotwa ukutani maana yake chuma kinasugua kikishuka. Likiwa nukta chini sakafuni maana yake kimekalia hapo na hakiwezi kwenda zaidi. Ukiinamisha mti kwenye mwanga utaona madoa mengine yanang'aa na mengine yamefifia. Lile linalong'aa ndo limegandamizwa kwa nguvu, anza na hilo. Lililofifia liache, mara nyingi ukishaondoa la kwanza lile la pili halirudi. Na ondoa weusi tu. Sio weusi na jirani yake. Patasi kali kabisa, unakwangua kama unamenya ngozi ya nyanya, halafu unarudi kwenye mshumaa. Ukiona mti umechafuka masizi ya zamani futa kwanza, maana doa la jana litakudanganya leo.

Mimi bamba la mtambo niliingiza na kutoa mara 41, nilikuwa naweka alama kwa penseli ukutani. Mzee anasema sio nyingi.

Lakini kabla hata ya masizi kuna vitu viwili ambavyo ningeviangalia mapema ningeokoa nusu ya hizo safari. Cha kwanza ni kona. Mashine iliyochonga mti inatumia kisu kinachozunguka, kwa hiyo kila kona ya ndani inabaki na mviringo mdogo, wakati kipande chako cha chuma kina kona kali. Hapo lazima kigome, sio ubaya wa mtu, ndo mashine ilivyo. Unachukua patasi ndogo unaikata kona mpaka iwe kona. Cha pili ni shaba. Vile vipande vya shaba vimemiminwa kwenye kalibu, vinakuja na mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na kijinundu pale shaba ilipoingilia. Ukianza kuchonga mti kufuata mshono, siku utakayopiga tupa kuondoa ule mshono utabaki na pengo. Safisha chuma kwanza, mti baadaye. Mti ukishakatwa haurudi.

Kuna kingine mzee alinifundisha nikaona ni akili kubwa. Ukingo wa bamba ukiwa wima kabisa, kila ukiliingiza na kulitoa unasugua kuta, na wakati wa kutoka ndo linang'oa vibanzi. Basi unapiga tupa kidogo sana ukingo wote kuzunguka ili upande wa ndani uwe mdogo kuliko wa nje, kwa kipimo ambacho jicho halioni, kidole tu ndo kinajua. Chuma kinakuwa kama kizibo cha chupa, kinaingia kimelegea na kinabana pale mwisho tu kikifika. Kwenye ule mstari wa makumbusho nlioutazama nusu saa, hii ndo siri mojawapo.

Na kutoa? Usinyanyue. Nasema tena, usinyanyue na bisibisi. Mtambo unashikwa na skrubu zinazotoka upande wa pili wa mti, unalegeza mizunguko miwili hivi, halafu unagonga vichwa vya skrubu taratibu na mpini wa bisibisi, hii kidogo ile kidogo, bamba linatoka lote kwa pamoja. Mtutu vilevile, usishike mdomo ukaunyanyua, ukifanya hivyo ule mkia wa nyuma unakuwa kama mtaimbo na unapasua mti. Geuza mti juu chini, shikilia mkono chini, gonga, uache uanguke kwenye kiganja.

Kile kibanzi changu nilikirudisha kwa gundi, nikakibana na utepe usiku kucha, na kwa kuwa nilikuwa nimekitunza bila kukigusa kingo zake kimekaa mpaka mtu asiyejua haoni. Mimi naona. Kingepotea ningechukua kipande cha mti huohuo, nyuzi zielekee upande uleule, maana nyuzi zikikatisha utaona kidonda milele.

Sasa kilichonichanganya kuliko vyote. Mwezi wa kumi mtambo uliingia. Vizuri kabisa, ukiusukuma na kidole gumba unaenda tup. Nikauacha hivyo, nikahamia kwenye kitako na shaba zake. Mwezi wa kwanza nikaurudia, hauingii! Nikajua nimekosea kitu, au bamba limepinda. Nikapaka masizi, doa lote juu na chini, mbele na nyuma hakuna kitu. Nikamuita mzee akaweka mkono kwenye bomba la hita la karakana yangu akasema ndo hili.

Ni hivi. Hita ikiwaka siku nzima wakati wa baridi hewa ya ndani inakauka sana, midomo inapasuka, na mti nao unakauka unasinyaa. Na mimi siku zote nlikuwa nafikiri mti ukisinyaa basi shimo linapanuka, si mti umerudi nyuma? Hapana. Shimo nalo linasinyaa pamoja na mti, kama vile picha ukiipunguza kila kitu ndani yake kinapungua. Na mti hausinyai sawa pande zote, kwa urefu wa nyuzi karibu haubadiliki, unasinyaa kwa upana. Mti wa bunduki nyuzi zake zinakwenda kwa urefu, kutoka kitako mpaka mdomoni. Ndo maana bamba langu lilibanwa juu na chini, ila mbele na nyuma likawa huru. Yale masizi yalikuwa yananisomea hali ya hewa.

Nilitaka kukwangua hapohapo. Mzee akasema ukikwangua leo mwezi wa saba utaona nafasi. Tukakiweka kile kitu chumba kisicho na hita siku tisa, nikajaribu tena, likaingia kwa kubana kidogo. Ndipo nikakwangua, pumzi moja tu, juu na chini. Kwa hiyo mwenye kufanya kazi ya mti kwenye nchi za baridi, jua umepima siku gani. Mjomba nilipomwambia akasema hata Tanga masika na kiangazi mlango unaongea, ila huko kwenu naona unapiga kelele.

Hilohilo la mti kucheza ndo linaeleza zile pini. Mtutu wa bunduki hizi haukazwi na skrubu urefu wote, zaidi unashikwa na pini nyembamba zinazopita ubavuni mwa mti, zinapenya kwenye vimasikio vilivyo chini ya mtutu. Pini yangu ya katikati ilikuwa inapita kwa tabu, nikigonga inapinda. Nikadhani tundu la mti dogo. Kumbe tundu la kwenye sikio la chuma lilikuwa duara limebana, na linatakiwa liwe refu kidogo kuelekea mbele na nyuma, ili mti ukirefuka au kufupika hata kidogo usiukunje mtutu. Tupa nyembamba kama mkia wa panya, dakika kumi, pini ikapita. Nikaichonga pini ncha ya mviringo ili isisukume vibanzi ikitokea upande wa pili. Na pini iingize upande uleule kila mara, ukiitoa isukume irudi ilikoingilia, weka alama ndogo.

Skrubu za mti nazo. Mepo ni mti mgumu, na skrubu zinazokuja kwenye hizi seti ni laini. Nimekata kichwa cha skrubu moja ya bamba la kitako, kikabaki mkononi na mwili ukabaki ndani, nikakaa nayo jioni nzima kuichimbua. Toboa kwanza tundu la saizi inayofaa, kisha ingiza skrubu ya chuma ngumu ya kawaida yenye nyuzi zilezile ikakukatie njia, itoe, ndo ile nzuri iingie ikiwa imepakwa sabuni ya mche au nta. Ukisikia inaanza kulia simama, rudisha nusu mzunguko, endelea.

Bamba la kitako lenyewe sitalisema sana maana bado nina hasira nalo, limepinda pande mbili kwa wakati mmoja, na ukiondoa doa hapa linainuka kule. Nimechukua wiki tatu. Limekaa.

Mtego wa mwisho ulikuwa huu, na nadhani wengi wanaofika hapa wanaharibu springi au wanaanza kuchokonoa ndani ya mtambo bure. Mtambo ukiwa mkononi nyundo inavutika vizuri, inasimama, inaachia, sauti safi. Ukiufunga kwenye mti ukakaza skrubu nyundo inakuwa nzito, kama inapita kwenye asali. Kwa wiki nzima nilishuku springi. Halafu nikajiuliza lile swali la mjomba, inagusa wapi. Mtambo nje ni mzima, ndani mgonjwa, basi ugonjwa uko kwenye mti. Nikapaka masizi vile vipande vya ndani vinavyotembea, nikaufunga, nikavuta nyundo mara moja taratibu, nikatoa. Doa moja dogo kama punje ya uwele kwenye ukuta wa ndani, pale kijimkono kinaposhuka. Kitu ambacho hakitembei kinatakiwa kiguse mti vizuri, na kinachotembea kisiguse kabisa. Nikakwangua ile punje. Nikafunga. Klak.

Bado ilikuwa inazuiliwa kidogo nikikaza skrubu mpaka mwisho, na hapo nikajifunza kwamba bamba lilikuwa halijakalia sakafu yake sawasawa, limekaa kwenye nukta mbili, kwa hiyo ukikaza unalikunja. Masizi tena, mara sita zaidi, mpaka likakaa chini lote na ile sehemu yenye kifa ikaegemea ubavu wa mtutu bila mwanya. Huo mwanya ni wa kuangaliwa sana, mzee anaweka karatasi ya sigara pale, ikipita umerudi kazini, kwa sababu baruti ikidondokea humo inaungua ndani ya mti.

Kwa sasa ndo nilipofika. Jana nilimtumia mjomba picha ya ule mstari, chuma na mti, nimeisogeza karibu sana. Akanyamaza muda mrefu, tiki mbili za bluu tu, nikajua anaikuza. Halafu akatuma sauti fupi. Anauliza kile kibanzi kiko wapi maana hakioni. Nikamwekea duara jekundu.

Kilichobaki ni rangi ya mti na mafuta ya kitani, na mdeki, ambao unapita kiringi cha kwanza na cha pili unafika cha tatu unakwama. Jumamosi nikitoka zamu nautoa mdeki, viringi vyote nivichungulie kwa pamoja kama vimenyooka, kabla sijagusa msasa. Mshumaa nimeshaununua mwingine.